SUFURIA YA SHABA: FAIDA ZAKE, HATARI ZAKE NA NAMNA YA KUITUMIA SALAMA



Katika mikutano ya afya ya mitaa na katika ziara zetu za nyumba kwa nyumba, kuna swali ambalo limekuwa likirudi: je, chombo cha shaba ni kizuri au ni kibaya kwa kupikia? Wengine wanasema shaba ni dawa, kwamba maji yaliyolala ndani yake huponya tumbo. Wengine wanasema shaba ni sumu tupu, kila mwenye nayo aitupe. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Lakini pia kila upande, ukifuatwa bila kuelewa, unaweza kumdhuru mtoto. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili kwa urefu.

Jibu kwa kifupi ni hili: shaba yenyewe si adui. Hatari inategemea mambo matatu: ndani ya chombo kuna nini, unapika kitu gani, na unakiacha humo kwa muda gani. Anayejua mambo hayo matatu anaweza kutumia chombo chake bila wasiwasi. Asiyeyajua anaweza kuugua, na mwenye kuugua zaidi ni mtoto mchanga.

TUNAZUNGUMZIA VYOMBO GANI?

Shaba nyekundu ni madini yale ambayo ndugu zetu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanayafahamu tangu utoto. Kabla ya ukoloni, watu wa Katanga waliyayeyusha na kutengeneza misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Kwa upande wa chakula, zote mbili zina tabia zinazokaribiana, kwa hiyo maelezo haya yanahusu zote mbili.

Shaba na jiko ni marafiki wa zamani. Hata neno letu "sufuria" lina asili ya Kiarabu, kutokana na neno linalotaja shaba. Huko pwani ya Kenya na Tanzania wauza kahawa bado wanatembea na madele ya shaba. Hapa kambini vyombo vya shaba ni vichache: birika lililovuka mpaka pamoja na familia, sinia la harusi, kikombe, sufuria ya mtumba iliyonunuliwa sokoni.

Utajuaje kwamba chombo ni cha shaba kweli?

- Ni kizito. Shaba ina uzito zaidi ya mara 3 ya alminiamu ya ukubwa uleule.
- Sumaku haikishiki. Sumaku ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi au utando wa shaba kwa juu.
- Ukikwaruza kidogo chini ya kitako, rangi nyekundu au ya manjano inaendelea hadi ndani. Ikitokea rangi ya fedha, ni madini mengine yaliyopakwa.
- Kikikaa na unyevu kinaota kutu ya kijani, si ya kahawia kama chuma.

Tahadhari: masinia na picha za shaba za kugongwa kwa nyundo, zile za kutundika ukutani, ni pambo. Mara nyingi zimepakwa vanishi ili zing'ae. Zisiwekwe motoni wala zisiliwe chakula.

FAIDA ZA SHABA

Faida ya kwanza ni moto. Shaba inapitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko alminiamu, na karibu mara 5 kuliko chuma. Joto linaenea sawasawa, kwa hiyo chakula hakiungui katikati na kubaki kibichi pembeni. Pia ukipunguza moto, sufuria inapoa upesi na kukutii.

Je, inaokoa kuni na makala? Kidogo tu. Ndugu wapishi, tusidanganyane. Kinachookoa kuni hasa ni kufunika sufuria, kuloweka maharage usiku kucha, kutumia jiko lililokingwa upepo, na kukausha kuni kabla ya kuziwasha. Mwenye sufuria ya alminiamu yenye kifuniko anaokoa kuni kuliko mwenye shaba isiyofunikwa.

Faida ya pili ni kudumu. Chombo kinene cha shaba kikitunzwa kinaweza kurithiwa na wajukuu.

Jambo la tatu linasemwa mara nyingi kama faida, na linahitaji kuelezwa vizuri. Mwili wa binadamu unahitaji shaba. Inasaidia kutengeneza damu na kuimarisha mifupa na mishipa. Lakini kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: mtu mzima anahitaji kama miligramu 0.9 kwa siku. Kiasi hicho tunakipata katika maharage, karanga, ufuta na maini. Hakuna sababu ya kuitafuta katika sufuria.

HATARI: SHABA NA UCHACHU

Waliosoma kemia sekondari wanakumbuka kwamba asidi hula madini. Chakula kichachu kina asidi. Kikikutana na shaba tupu, asidi inaitoa shaba katika ukuta wa chombo na kuiingiza katika chakula. Kadiri chakula kinavyokuwa kichachu zaidi, cha moto zaidi na kinavyokaa muda mrefu zaidi, ndivyo shaba nyingi zaidi inavyoingia.

Vyakula na vinywaji ambavyo havipaswi kugusa shaba tupu ni hivi:

- nyanya za kupika na nyanya za kopo;
- ndimu, limau, chungwa, nanasi, embe bichi na ukwaju;
- siki na achari;
- maziwa ya mgando;
- uji uliochachishwa na unga wa muhogo uliolowekwa ukachacha;
- kasiksi, munkoyo na pombe nyingine za kuchachusha.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Sombe peke yake si chachu. Lakini akina mama wengi huitia nyanya, na wengine ndimu. Ndagala pia hupikwa na nyanya na kumaliziwa na ndimu. Kwa hiyo usiangalie jina la chakula tu. Angalia kilichotiwa ndani.

Ile kutu ya kijani inayoota kwenye shaba ni ishara ya hatari. Waliotoka Katanga wanajua jiwe la kijani la malakiti linalochongwa mapambo. Jiwe lile ni shaba iliyoungana na hewa na maji ardhini kwa miaka mingi. Kutu ya kijani ya sufuria ni ya ukoo huohuo. Ikitokana na siki au uchachu mwingine, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inayeyuka upesi katika chakula.

Mtu aliyekula au kunywa shaba nyingi kwa mara moja husikia ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu, kisha hutapika, tumbo humsokota na huenda akaharisha. Mara nyingi hali hii huanza mapema, pengine hata kabla ya saa moja kupita. Watu kadhaa waliokunywa juisi ya chombo kimoja wanaweza kutapika karibu wakati mmoja.

Shaba pia huharibu chakula bila kumtapisha mtu. Inavunja vitamini C. Mboga iliyopikwa katika shaba tupu inaweza kubaki na rangi nzuri ya kijani huku vitamini hiyo ikiwa imepungua. Inaharakisha pia mafuta kuchacha na kutoa harufu mbaya. Kwa hiyo mafuta ya mgao yasihifadhiwe katika chombo cha shaba hata kidogo. Yaache katika kopo lake au katika chupa safi yenye kifuniko.

WATOTO WACHANGA: HAPA HAKUNA MZAHA

Mtu mzima mwenye afya akipata shaba kupita kiasi kidogo, ini lake huitoa kupitia nyongo na choo. Mtoto mchanga hawezi kufanya hivyo vizuri. Anazaliwa akiwa tayari na akiba ya shaba katika ini, na ini lake bado halijakomaa kuitoa ile inayozidi. Maziwa ya mama yana shaba kidogo tu, kiasi kinachomfaa. Lakini maziwa ya ng'ombe au uji uliochemshwa katika shaba tupu unaweza kumwongezea shaba kila siku, kidogo kidogo, mpaka ini linaharibika.

Hili limetokea kweli, katika nchi mbili zilizo mbali sana.

Katika milima ya Tyrol, nchini Austria, wakulima walikuwa na desturi ya kuchemsha maziwa ya watoto katika vyombo vya shaba visivyopakwa bati ndani. Kati ya mwaka 1900 na 1974, watoto wadogo 138 wa eneo moja la huko walikufa kwa ugonjwa wa ini. Familia zilipoacha vyombo vile na kutumia vya aina nyingine, ugonjwa ukatoweka. Uchunguzi wa habari hii ulichapishwa mwaka 1996.

Nchini India, nako, watoto wadogo walikuwa wakiugua na kufa kwa kuharibika ini. Katika miaka ya 1980 madaktari waliona kwamba wengi wao walilishwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa au kuwekwa katika vyombo vya shaba nyekundu na ya manjano. Vyombo hivyo vilipoanza kuachwa, ugonjwa huo nao ukapungua sana.

Wazazi hao waliwapenda watoto wao kama sisi tunavyowapenda wa kwetu. Maziwa yale hayakuwa na ladha mbaya na mtoto hakutapika siku ya kwanza. Madhara yalijificha miezi mingi. Kwa hiyo usiseme, "Mbona wangu amekunywa na hajaugua?"

Kanuni ya nyumba yenye mtoto ni hii:

1. Mtoto aliye chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama peke yake.
2. Baada ya miezi 6, uji wake, pamoja na uji wa unga wa mgao uliotiwa vitamini, usipikwe katika shaba tupu.
3. Maziwa ya mtoto yasichemshwe wala kuwekwa katika shaba, hata kwa dakika chache.
4. Kikombe na kijiko cha mtoto visiwe vya shaba.

Wapo pia watu wachache, wakubwa kwa wadogo, waliozaliwa na ugonjwa unaozuia ini kutoa shaba. Unaitwa ugonjwa wa Wilson, nao huenda katika ukoo. Aliyeambiwa na daktari kuwa anao, au mwenye ugonjwa wa ini wa aina nyingine, asitumie kabisa vyombo vya shaba tupu.

MAJI YALIYOLALA KATIKA SHABA: JE, NI DAWA?

Swali hili huulizwa sana msimu wa mvua, hofu ya kipindupindu inapoanza.

Ni kweli kwamba shaba huua vijidudu. Watafiti wa India walichapisha mwaka 2012 jaribio lao: maji yenye vijidudu vya kuharisha, vikiwemo vya kipindupindu, yaliwekwa katika vyungu vya shaba kwa saa 16, na baada ya hapo vijidudu hai havikuonekana tena. Shaba iliyoingia katika maji yale ilikuwa ndani ya kiwango kinachokubaliwa. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 2 za shaba kwa lita moja.

Basi kwa nini hatusemi kila nyumba itafute chungu cha shaba? Kwa sababu nne:

- Jaribio lilichukua saa 16. Mtoto mwenye kiu hasubiri saa 16, na watu wa nyumba huchota kabla ya muda.
- Vyungu vya jaribio vilikuwa safi. Chungu chenye utando wa uchafu au masizi ndani hakifanyi kazi hiyo.
- Maji ya bombani hapa kambini yanatiwa klorini, na kiasi kinachobaki kinaendelea kuyalinda hadi nyumbani. Shaba hufanya kazi polepole. Mkono mchafu ukiingia chunguni, huwezi kutegemea shaba iyasafishe maji yale kabla mwingine hajayanywa.
- Maji yenye uchachu, au maji yaliyotiwa ndimu "ili yawe dawa zaidi", yatanyonya shaba nyingi na kumtapisha mnywaji.

Kwa hiyo endelea kuchota maji kwenye bomba la klorini, kuyaweka katika dumu safi lenye mdomo mwembamba na kifuniko, na kunawa mikono kwa sabuni. Shaba haichukui nafasi ya klorini, haichukui nafasi ya choo, na haimtibu mgonjwa wa kuharisha.

UTANDO WA BATI: ANGALIA NDANI YA CHOMBO

Wahenga wa kazi ya shaba walijua hatari hii zamani. Ndiyo maana sufuria, birika na dele nzuri hupakwa bati upande wa ndani. Ukifungua chombo kama hicho, nje ni nyekundu lakini ndani kuna rangi nyeupe ya fedha. Bati hilo linakuwa kama ukuta kati ya chakula na shaba. Vyombo vingine vya siku hizi vina chuma kisichoshika kutu upande wa ndani, navyo ni imara zaidi.

Chombo chenye utando mzima mweupe kinaweza kupikia chakula cha kawaida. Lakini bati ni laini, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 232 tu. Kwa hiyo:

- usiweke chombo motoni kikiwa kitupu;
- usikaangie mafuta yaliyopata moto mkali mno;
- usikikwangue kwa mwiko wa chuma, kisu, mchanga wala waya wa kusugulia. Tumia mwiko wa mti na kitambaa;
- ukiona wekundu unatokeza ndani, acha kukipikia mpaka kipakwe upya. Kabla ya hapo kihesabu kama shaba tupu.

Sasa tufike kwa fundi. Fundi wa kupaka bati anapaswa kutumia bati safi. Mafundi redio hutumia waya wa kulehemu ambao mara nyingi ni bati lililochanganywa na risasi. Hatuzungumzii risasi ya bunduki tu. Tunazungumzia madini yale laini ya kijivu yanayowekwa ndani ya betri za gari. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto na kwa mimba, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo usikubali sufuria, birika au kopo lako lizibwe tundu kwa waya wa redio, liwe la shaba au la madini mengine. Fundi asipoweza kukuambia anatumia nini, chukua chombo chako urudi nacho nyumbani.

NAMNA YA KUTUMIA CHOMBO CHA SHABA TUPU

Kama chombo chako hakina utando ndani na hutaki kuachana nacho, tumia hivi:

1. Kiangalie kila mara kabla ya kukitumia. Ukiona kijani, usipike mpaka umekisafisha chote.
2. Chemshia maji tu, kisha yamimine mara moja katika chombo kingine. Ndimu, majani na maziwa vitiwe huko, si ndani ya shaba.
3. Usiache kitu kilale ndani yake. Maji yaliyolala katika birika tupu la shaba ufulie au uoshee, usinywe.
4. Wali, ugali na viazi si vichachu, lakini kama una sufuria nyingine, tumia hiyo. Kama huna, pakua mara chakula kinapoiva.
5. Chakula chochote cha mtoto au cha mjamzito kipikwe katika chombo kingine.
6. Ukimaliza, osha, kaushe kwa kitambaa, na ukiweke mahali pakavu penye hewa. Shaba inayohifadhiwa na unyevu itaota kijani.

Kusafisha: changanya chumvi na maji ya ndimu, au chumvi na jivu laini, usugue kwa kitambaa. Ndimu inaondoa kutu kwa sababu inayeyusha shaba. Hii inakuonyesha jambo lilelile inalofanya ndani ya chakula! Kwa hiyo baada ya kusugua, suuza kwa maji mengi mara mbili au tatu. Maji hayo ya kijani yamwagwe mbali, kuku na mbuzi wasiyanywe. Njia hii ni ya shaba tupu. Upande uliopakwa bati uoshwe kwa sabuni na kitambaa tu.

MTU AKIUGUA

Mtu akianza kutapika baada ya kula au kunywa kutoka chombo cha shaba, fanya hivi:

- Zuia wengine wasiendelee kula chakula hicho.
- Usimlazimishe kutapika. Usimpe ndimu, siki wala dawa za kienyeji.
- Kama yuko macho, mpe maji safi au maji ya chumvichumvi ya pakiti, kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.
- Mpeleke kituo cha afya, na uende na chombo chenyewe au ueleze kilichopikwa ndani yake.

Usikae nyumbani ukisema "ni sufuria tu". Kutapika na kuharisha kunaweza kuwa kipindupindu, na kipindupindu hakisubiri. Wahudumu ndio watakaotofautisha. Nenda mbio zaidi ukiona matapishi yenye damu, mkojo mweusi au uliokatika, macho ya manjano, au mgonjwa anasinzia na haamki vizuri.

USIKIMBIE SHABA UKAANGUKIA KWENYE RISASI

Baada ya kusoma haya, huenda mtu akasema, "Basi nauza shaba yangu, nanunua sufuria mpya sokoni." Ni sawa, lakini sikiliza kwanza.

Sufuria nyingi za bei nafuu katika nchi zetu hutengenezwa na mafundi wanaoyeyusha alminiamu chakavu: vipande vya injini, makopo, mabaki ya redio na vyombo vya zamani. Katika chakavu hicho huweza kuingia risasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alminiamu kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Vilichemshwa na asidi hafifu, mfano wa chakula kichachu, kwa saa 2. Vyombo 15 vilitoa risasi ya kupimika katika kila pakuo moja la chakula.

Jambo hili limewagusa wakimbizi wenzetu. Katika eneo la Seattle, jimbo la Washington nchini Marekani, watumishi wa afya walikuta watoto wa familia za wakimbizi kutoka Afghanistan wana risasi nyingi katika damu. Walipochunguza nyumba zao, walikuta sufuria za alminiamu zilizoletwa kutoka kwao zikitoa risasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na mwaka 2024 jimbo hilo likapitisha sheria ya kuzuia vyombo vya kupikia vyenye risasi. Familia zinazosubiri safari ya kuhamia nchi ya tatu zikumbuke habari hii wakati wa kufunga mizigo.

Risasi haina ladha, haina harufu, na sufuria yenye risasi haitofautiani kwa macho na nyingine. Kwa hiyo:

- chakula kichachu kipikie chungu cha udongo cha kawaida kisichopakwa rangi wala vanishi ya kung'aa, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu kama unayo;
- katika sufuria ya alminiamu, nyanya na ndimu vitiwe mwishoni, na chakula kisilale humo;
- usisugue sufuria ya alminiamu kwa mchanga mpaka ing'ae kama kioo. Ule weusi wa ndani ni utando unaopunguza madini kuingia chakulani;
- usinunue sufuria kwa fundi anayeyeyusha pia betri za gari.

MASWALI TULIYOULIZWA

Je, bangili ya shaba ina madhara? Kuivaa mkononi hakuleti madhara haya tuliyoeleza. Lakini mtoto mdogo asiachwe kuinyonya.

Birika langu lina weupe ndani, lakini chini ni jekundu kidogo. Nifanyeje? Acha kulitumia kwa chai ya ndimu, maziwa na vinywaji vya watoto. Lichemshie maji ya kuogea mpaka lipate fundi mwenye bati safi.

Mama mkwe alinipa sufuria ya shaba. Nikiacha kuipikia ataona nimemdharau. Mweleze kwa heshima habari za maziwa ya watoto. Sufuria inaweza kubaki nyumbani kama kumbukumbu, au ikatumika kuwekea vitu vikavu: chumvi katika mfuko wake, vijiko, ndizi zisizomenywa. Bibi hatakataa afya ya mjukuu wake.

Nimekuwa nikimchemshia mtoto maziwa katika shaba. Je, nimemuua? La, mama, usiogope kupita kiasi. Acha leo, na umlete kituo cha afya aangaliwe, hasa kama tumbo limevimba, macho ni ya manjano, au hakui vizuri. Eleza wazi, hakuna atakayekulaumu.

KUMBUKA

- Uchachu na shaba tupu havikai pamoja.
- Maziwa na uji wa mtoto visiguse shaba.
- Ndani iwe nyeupe. Ukiona wekundu au kijani, acha.
- Usiache chakula wala kinywaji kilale katika shaba.
- Shaba si badala ya klorini.
- Waya wa fundi redio usizibe sufuria.

Mwenye chombo asichokielewa akilete kwenye mkutano wa afya wa mtaa wake, au amwite mhamasishaji wa afya wa bloki yake akiangalie nyumbani. Kukiangalia ni bure. Tafadhali msomee pia jirani asiyejua kusoma.

Mhamasishaji wa afya wa jamii